Kumuuguza nyumbani ndugu anayeishi na VVU

Mdogo wangu ana VVU, siku hizi anakohoa na amekonda. Nimemtengea sahani na kikombe chake. Nimefanya vizuri?

Sahani zirudishe, mle pamoja. VVU haviambukizi kwa chakula, kwa jasho wala kwa kumwogesha. Kinachonitia hofu ni hicho kikohozi. Kifua kikuu ndicho kinachowaua zaidi watu wanaoishi na VVU, nacho husafiri hewani. Mwenye VVU hangojei wiki mbili: akikohoa hata leo, akiwa na homa, akitoka jasho usiku au akipungua uzito, apelekwe akapimwe makohozi.

Wakati huohuo, fungua dirisha. Huku kwetu kusini mwa Tanzania, Newala, Nachingwea na kwingineko, mgonjwa huwekwa chumba cha ndani na dirisha huzibwa kwa gunia la korosho ili majirani wasimwone. Watoto wanaolala naye humo wanavuta hewa ileile aliyoikoholea. Mchana mtandikie mkeka barazani. Akikohoa, azibe mdomo kwa kitambaa. Watoto walale chumba kingine mpaka majibu yatoke.

Glovu nivae wakati gani?

Unaposhika damu, kidonda kibichi au choo chenye damu. Kumgeuza kitandani au kumlisha hakuhitaji glovu, na mgonjwa anaumia moyoni akiona unamshika kwa plastiki. Ukijichoma na sindano yake, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, halafu nenda kituoni siku hiyohiyo. Dawa ya kinga huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28.

Msimu wa korosho tunahamia shambani. Dawa zake itakuwaje?

Waambieni mapema wahudumu wa CTC, yaani kliniki ya VVU anakochukulia dawa. Mwenye hali nzuri huweza kupewa dawa za miezi kadhaa. Akiwa pia kwenye dawa za kifua kikuu, huenda akaongezewa kidonge cha pili cha dolutegravir, dawa ya VVU, cha kumeza saa 12 baada ya kile cha kwanza, kwa sababu rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya dolutegravir. Asikiache akidhani wamekosea.

Kichwa kinamuuma siku ya nne sasa. Tuendelee na dawa za maumivu?

Hapana. Mtu ambaye kinga yake imeshuka, akiumwa kichwa hivyo, huenda fangasi wameingia kwenye utando wa ubongo. Shingo ikikakamaa, akitapika au akianza kuweweseka, ondokeni usiku huohuo kwenda hospitali: Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao, popote palipo karibu nanyi.

Ana utando mweupe mdomoni, chakula hakitaki.

Hao ni fangasi, na wanatibika. Mpe uji wa mtama uliopoa, papai lililopondwa, mchuzi wa kunde. Pilipili na ndimu ziwekwe kando. Akisema kumeza kunamuuma kifuani, fangasi huenda wameshuka kwenye njia ya chakula, na hapo anahitaji vidonge vya hospitali.