Mary Reibey: mfungwa aliyetajirika baada ya kufiwa na mume

Wanafunzi wangu humsifu Mary Reibey kwa kujitoa kwenye umaskini kwa jasho lake. Jasho lilikuwepo, sikatai. Ila bila kuiangalia sheria ya ndoa ya Waingereza wa enzi zile, utajiri wake hauelezeki.

Alizaliwa Lancashire mwaka 1777. Mwaka 1790 alikamatwa akiwa na farasi wa wizi, amevaa nguo za kiume na kujiita James Burrow. Umri wake miaka 13! Alihukumiwa kupelekwa ng'ambo kwa miaka saba, na Oktoba 1792 meli ya Royal Admiral ikamshusha Sydney, katika New South Wales, koloni la Waingereza huko Australia. Aliwaandikia ndugu zake kwamba atavizia nafasi ya kuondoka baada ya miaka miwili mitatu.

Wanawake wapatao 25,000 walihamishiwa Australia kwa adhabu hiyo. Wengi waligawiwa kwa walowezi kufanya kazi za ndani. Wengine, wakiwemo wajawazito na waliovunja amri, walifungiwa katika kiwanda cha Parramatta, wakisokota na kufuma sufu. Mary alipangiwa kulea watoto nyumbani kwa Meja Francis Grose, mkuu wa jeshi la koloni, na kwa mfungwa hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Mwaka 1794 aliolewa na Thomas Reibey, Mwairishi aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya India Mashariki, kampuni kubwa ya biashara ya Waingereza. Walilima mtoni Hawkesbury, wakaingia biashara ya nafaka, kisha meli. Mary alishika duka na hesabu Thomas akiwa baharini, lakini kisheria vyote vilikuwa vya mume: mke hakumiliki mali kwa jina lake wala kufunga mkataba wake mwenyewe.

Aprili 1811 Thomas akafariki. Mwezi uliofuata akafariki mshirika wao, Edward Wills. Mary akabaki na watoto saba na biashara nzima, na sasa, kwa kuwa ni mjane, aliweza kumiliki, kusaini na kushtaki wadeni. Na aliwashtaki kweli. Kufikia 1816 alikadiriwa kuwa na pauni 20,000. Mwaka uliofuata Benki ya New South Wales ilifunguliwa katika nyumba yake ya Macquarie Place.

Mwaka 1820 alisafiri Uingereza na binti zake, akarudi 1821. Sensa ya 1828 ilipomuuliza hadhi yake, alijibu kwamba alifika koloni akiwa mtu huru, mwaka 1821. Hakudanganya, aliruka tu safari ya kwanza.