Tope la Ziwa Tanganyika halijakorogeka

Pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, mzee mmoja, mvuvi tangu ujana, alilitazama bomba letu la plastiki lililojaa tope la chini ya ziwa, tope tunalolisoma kujua joto la maji la zamani, akatikisa kichwa. "Mwanangu, tope ni tope. Kwa mawimbi haya, utajuaje la jana na la enzi za babu?" Shikamoo nilishampa, na heshima yake ipo palepale. Lakini swali hilohilo nimelisikia kwa wanafunzi, hata kwa maofisa, na jibu la sentensi moja halitoshi tena.

Mawimbi hayafiki huko. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi panapozidi, na ukishapita mita 200 kwenda chini maji hayana oksijeni. Hakuna mnyoo, hakuna konokono, hakuna samaki wa kufukua. Kinachotua kinabaki kilipotua. Kiangazi, upepo wa kusini ukivuta virutubisho vya chini kuja juu, daiatomu, yaani mwani mdogo sana wenye ganda, huzaliana kwa wingi, na maganda yao huacha utando mweupe. Masika huacha utando mweusi. Pasua bomba kwa urefu, kwangua tope taratibu kwa kisu, utaiona mistari hiyo, myembamba kama uzi: mweupe, mweusi, mweupe, mwaka juu ya mwaka. Bahari kuu ndiko minyoo hukoroga sentimita kadhaa za juu, na tope hujengeka sentimita chache tu kwa miaka 1,000. Hata huko, mabadiliko ya maelfu ya miaka yanasomeka.

Wakorogaji ni sisi wenyewe. Bomba lisimame wima kutoka majini hadi maabara! Maji yaliyo juu ya tope yakiwa yamechafuka, mwaga, shusha upya. Niliwahi kupoteza kazi ya siku nzima kwa sababu msaidizi aliilaza sampuli botini apate pa kukaa.

Wapo wanaosema tunatafuta mafuta ya petroli: hapana. Bomba letu linaishia mita chache. Ile harufu ya mayai viza nayo si uchafuzi, ni gesi ya kawaida ya tope lisilo na oksijeni.

Wengine husema tunakisia tu joto kwa kuwa zamani hapakuwa na kipimajoto. Hatukisii: baharini tunapima oksijeni nzito na nyepesi katika maganda ya foraminifera, viumbe wadogo sana wa baharini. Hapa tunapima mafuta ya vijidudu vya arkea, ambavyo hubadilisha utando wa seli zao kufuata joto la maji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa joto la sasa la maji ya juu halijapata kufikiwa kwa miaka 1,500.

Mzee aliposikia hilo aliuliza kuhusu samaki. Nikamwambia mabaki yao yamo humo humo topeni, na yalianza kupungua maji yalipoanza kupata joto, kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza katikati ya karne ya 20. Maji ya juu yakiwa na joto hayachanganyiki na ya chini, virutubisho vinabaki kilindini, na dagaa anakosa chakula. Akaomba alishike bomba mwenyewe. Alilishika wima.