Ukimya wa timu si dalili ya ubora

Wakuu wengi wa vitengo hujivunia kikao kinachoisha bila swali. "Timu yangu haina makosa," husema. Mara nyingi makosa yapo, yamefichwa tu.

Miaka ya 1990, mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alichunguza timu za wahudumu hospitalini, akitarajia kwamba zile zinazoelewana zingekosea dawa mara chache. Takwimu zikaja kinyume: timu bora ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Kumbe hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikisema. Mahali ambapo mkuu ni mkali, aliyekosea dozi hunyamaza asije akafokewa, na kosa hubaki palepale likimsubiri mgonjwa mwingine.

Toyota wameliwekea jambo hili kamba. Fundi kiwandani akiona nati imelegea, huvuta kamba hiyo. Taa huwaka, kiongozi wa timu humfuata alipo, na tatizo lisipotatuliwa kabla gari halijavuka kituo hicho, mstari wa uzalishaji husimama. Kinachotakiwa kwa kiongozi ni kufika upesi na kuuliza kimeharibika nini, si nani kaharibu.

Wapo wanaodhani huku ni kulegeza viwango. Hapana, fundi aliyevuta kamba bado anadaiwa nati iliyokazwa.

Ukiwa bosi, anza kikao kijacho kwa kutaja kosa lako mwenyewe la wiki hii, kisha nyamaza. Sekunde kumi za mwanzo huwa ndefu kwelikweli.