Hema la Kuuzia Kazi za Mikono: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wasusi wa vikapu vya magugu maji kutoka Dunga, wachongaji wa mawe ya Kisii kutoka Tabaka na mafundi wa shanga hukutana katika viwanja vya wazi vya Kisumu, Nakuru na Kakamega, na wengi wao hupanga mali ya miezi kadhaa chini ya hema la kukunja la mita tatu kwa tatu. Hema hilo mara nyingi huuzwa likiwa na sehemu mbili tu, yaani fremu na kitambaa. Sehemu ya tatu, ambayo ni kile kinacholishikilia ardhini, mnunuzi huachiwa ajitafutie mwenyewe, na hapo ndipo dhana potofu zilipojazana na ndipo watu wanapoumizwa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba fremu nzito ya chuma haiwezi kupeperushwa. Ukweli ni kwamba hema la kukunja la ukubwa huo, hata likiwa la chuma, kwa kawaida halizidi kilo 40. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao huyumbisha miti midogo na ambao wenyeji wa kando ya ziwa wameuzoea, husukuma kila mita ya mraba inayoukabili kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 6 hivi. Ukipenya chini ya paa la mita 9 za mraba, nguvu ya kuliinua yaweza kukaribia kilo 55. Kasi ikipanda hadi kilomita 54, nguvu hiyo haiongezeki kwa nusu tu, bali huzidi maradufu na kupita kilo 120, kwa sababu nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe uzito wa hema, bali namna litakavyofungwa na mahali pa kufungia kamba.

Wengine huamini kwamba mawe mawili matatu yaliyowekwa juu ya kikanyagio cha kila mguu yanatosha, au kwamba meza iliyojaa vinyago vya mawe italizuia hema lisiondoke. Jiwe ambalo halikufungwa halishikilii chochote, kwani mguu huchomoka chini yake mara upepo unapoliinua paa. Meza nayo haijaungana na hema, na ikiungana nalo, hema litakapoondoka litaiangusha pamoja na vinyago vyote. Kinachofaa ni uzito usiopungua kilo 20 kwa kila mguu, uliofungwa kwa kamba au mkanda unaotoka kwenye kona ya juu ya fremu, ukakazwa, kisha uzito wenyewe ukafungwa kwenye sehemu ya chini ya mguu ili usibembee na kuwagonga wapita njia. Kamba ianzie juu kwa sababu mguu wa hema la kukunja ni mabomba mawili, moja likiwa ndani ya jingine, yanayoshikiliwa na pini ndogo. Ukifunga uzito chini peke yake, nguvu yote ya upepo huielemea pini hiyo, nayo ikikatika paa huondoka na kuacha sehemu ya chini ya miguu imesimama.

Uzito huo haupatikani kwa gharama kubwa. Mtungi wa plastiki wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20, na faida yake ni kwamba husafirishwa mtupu, ilimradi kifuniko kisivuje. Bomba la plastiki la inchi nne, lenye urefu wa mita moja na lililojazwa zege, hufikia pia kilo 20 hivi, na fundi yeyote wa ujenzi anaweza kulitengeneza na kulitia kitanzi cha chuma juu. Hata hivyo hesabu ya hapo juu isisahaulike: mitungi minne hutoa kilo 80, nazo hazitoshi upepo unapofika kilomita 54 kwa saa. Katika hali hiyo hema huwa halina jambo jingine la kufanyiwa ila kushushwa.

Kuhusu vigingi, watu husema kwamba palipo na udongo vigingi vinatosha na uzito ni wa kwenye lami na kabro. Hilo hutegemea udongo wenyewe. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, huwa mgumu sana wakati wa kiangazi, lakini ukilowa hulainika na kukiachia kigingi. Udongo wa Nakuru, ambao sehemu kubwa umetokana na majivu ya volkano, mara nyingi ni mwepesi na wa vumbi, na kigingi kifupi kinachokuja na baadhi ya mahema hung'oka kwa mkono. Iwapo uwanja unaruhusu kuchimba, tumia vyuma virefu vilivyopigwa vikiwa vimeinama upande ulio kinyume na hema, lakini usiache mitungi nyumbani.

Kuna pia imani kwamba kuta za pembeni huliimarisha hema. Kuta huzuia mvua na vumbi, na kwa hilo zinafaa, ila ukuta unaoukabili upepo hufanya kazi ya tanga la mashua. Hali mbaya zaidi ni kufunga pande tatu na kuacha wazi upande unakotoka upepo. Mchana wa Kisumu, upepo kwa kawaida hutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Muuzaji anayegeuza uwazi wake upande wa ziwa ili wateja waone maji, huku nyuma na pembeni pakiwa pamefungwa, anaukaribisha upepo na kuunyima njia ya kutokea.

Fremu isinunuliwe ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wake. Ifunguliwe yote, kisha ukague viungo ambapo mabomba yanayokatana kwa umbo la mkasi hukutana na mguu. Vipande vya plastiki nyembamba hupasuka hapo kwanza, kwa kawaida kuanzia kwenye tundu la bolti, ambapo utaona ufa mwembamba mweupe. Viungo vya alumini nene hudumu zaidi, na bolti inayofunguka ni bora kuliko ribiti, kwa kuwa fundi wa jua kali anaweza kuibadilisha. Shika mguu katikati na uusukume. Ukipinda kwa nguvu ya mkono mmoja, tafuta fremu nyingine.

Kitambaa kilichoandikwa kwamba hakishiki moto hudhaniwa kuwa hakiungui kabisa, ilhali maana yake ni kwamba mwali hauenei kwa urahisi na huzimika chanzo cha moto kikiondolewa. Jiko la makaa lisiwashwe chini yake, na kuta zikiwa zimefungwa hatari huongezeka, kwani gesi ya makaa huua bila harufu. Paa lililolegea nalo linahitaji kuangaliwa mvua inaponyesha: maji ya kina cha sentimita moja yakituama kwenye mita moja ya mraba yana kilo 10.

Imani ya mwisho, nayo ndiyo inayonihofisha zaidi, ni kwamba asubuhi tulivu huashiria siku tulivu. Katika Kisumu na maeneo jirani, upepo wa ziwani hukutana na pepo za mashariki na mawingu ya radi hujengeka alasiri, baada ya asubuhi isiyo na wingu, na Kericho na Nandi zinajulikana kwa mvua ya mawe. Nakuru wakati wa kiangazi, kimbunga cha vumbi huweza kuzuka jua likiwaka na kung'oa hema ambalo mwenyewe hakulifunga kwa kuwa anga lilikuwa safi. Kwa hiyo uzito hufungwa hema linaposimamishwa, kabla ya bidhaa ya kwanza kutolewa kwenye boksi.

Ngurumo zikisikika, hema si kimbilio, hata likiwa imara kiasi gani, maana paa lake halizuii radi na miguu yake ni ya chuma. Funika bidhaa kwa turubai na uziache mezani, kisha muuzaji na wateja waingie katika jengo la kudumu au ndani ya gari lililofungwa, na wasirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.