Utando mweupe kwenye kifuniko cha oili siyo gasketi iliyokufa

Jumanne asubuhi mama mmoja wa Njiro, hapa Arusha, aliingia gereji na Toyota IST yake. Shikamoo yangu hajaimaliza kuiitikia, keshaninyooshea kifuniko cha oili. "Fundi, nimeambiwa gasketi imekufa, hedi ifunguliwe. Tazama mwenyewe." Hedi ni kichwa cha injini, na gasketi ni ile karatasi ya kuziba kati yake na bloki, isiache maji na oili vikutane. Kweli kifuniko kilikuwa na utando mweupe wenye unjano, mzito kama mtindi. Huyo ni wa nne tangu Juni ianze, na wote wanne walihukumiwa na watu ambao hata stiki ya kupimia oili hawakuivuta.

Nikaivuta. Nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha, nikaivuta tena. Oili ilikuwa na rangi ya asali iliyokolea, imesimama kwenye alama ya juu, haina povu wala uweupe hadi kwenye ncha. Injini ilikuwa imepoa, nikafungua rejeta: maji yamejaa, hayana hata duara moja la mafuta juu yake. Sasa hedi inafunguliwa kutafuta nini?

Jambo hili linaniuma kwa sababu hedi ya aluminiamu ukiifungua hovyo huirudishi ilivyokuwa. Bolti zikilegezwa bila mpangilio, au injini ikiwa bado ya moto, hedi inapinda. Inapelekwa kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso kwa mashine, inawekwa gasketi ya bei rahisi, bolti zinakazwa kwa kukisia bila toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Mtu aliyekuja na ukungu wa mvuke tu anaondoka na gasketi inayovuja kweli, na ada ya mtoto imeishia hapo.

Maji ya kwenye kifuniko yanatoka kwenye petroli. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa maji yanayokaribia lita moja. Mengi yanapita kwenye eksozi, ndiyo yale matone ya asubuhi. Kiasi kidogo kinapenya pembeni ya ringi za pistoni na kuingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kikiwa mvuke. Injini ikipata moto vizuri na ikakaa nao, vavu ya PCV, ile ya kupumulia injini, inaunyonya mvuke huo na kuurudisha kwenye silinda utoke na moshi. Isipopata moto, mvuke unapanda mpaka kwenye kifuniko, ambacho kiko juu kabisa na ndicho kinachopigwa na baridi. Hapo unageuka matone, unachapwa na oili inayorushwa, na maziwa yanajitengeneza.

Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai mnazijua: Meru haionekani wiki nzima, watu wako na makoti saa nne asubuhi. Mama anatoka Njiro, anashusha watoto Kijenge, anarudi nyumbani, anazima. Hata maji ya rejeta yakipata moto, oili bado, kwa sababu oili siku zote inachelewa nyuma ya maji.

Nikamuuliza, ile taa ya bluu ya injini baridi kwenye dashibodi inazimika wapi? "Mara nyingine nafika bado inawaka." Nikafungua nyumba ya themostati. Tupu. Fundi fulani aliitoa, na akamwambia nchi za joto hazihitaji themostati.

Hapa niseme taratibu, maana naona kosa hili karibu kila wiki. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, na za Toyota nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, injini inafanya kazi baridi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, petroli ya ziada inateleza kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili, na mvuke haupati joto la kuuondoa. Kama gari ilikuwa inachemsha, huenda ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta, feni au pampu. Kutoa themostati ni kuficha homa, tena kwa kuharibu oili.

Oili iliyoingia maji kweli mara nyingi haijifichi. Stiki nzima inatoka na rangi ya chai ya maziwa, kimo kimepanda, maji ya rejeta yanapungua na chini hakuna tone, asubuhi gari inapiga misi, yaani silinda moja haiungui na injini inatetemeka. Ukiwa na shaka, iache ilale usiku kucha, kisha legeza nati ya sampu taratibu bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia. Au dondosha tone moja kwenye bati la moto juu ya jiko: oili yenye maji inapasuka na kuruka, safi inatoa moshi tu.

Kipimo cha bati nakiamini nusu. Kama kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, imeingia na gari imekwenda safari ndefu, maji yanakauka na glaikoli, ile dawa yenyewe, inabaki kwenye oili, inakula beringi, na bati linanyamaza. Halafu kuna ufa unaofunguka injini ikiwa ya moto tu. Mwaka jana gari ya Ngaramtoni ilipita vipimo vyangu vyote, hata ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikinusa gesi ya injini kwenye rejeta. Nikamwambia mwenyewe ni ukungu. Baada ya mwezi ilikuwa gasketi, na beringi za krenki zimekwaruzika. Tangu siku hiyo simwachi mtu aondoke bila alama ya peni kwenye chupa ya maji, aone kama kimo kinashuka.

Na hata ikithibitika maji na oili vimekutana, gasketi bado siyo mshtakiwa pekee. Gari nyingi za dizeli zina kipoza oili ndani ya injini, na kikitoboka vinachanganyika vilevile. Injini ikiunguruma, presha ya oili inashinda ya maji, kwa hiyo mafuta yanatokea kwenye rejeta. Ukizima, presha ya oili inashuka papo hapo wakati maji bado yana presha, ndipo yanaanza kurudi upande wa oili. Rejeta imejaa mafuta na stiki ni safi? Anza na kipoza.

Kuhusu oili nyeusi, nitakuwa mfupi: weusi peke yake siyo ugonjwa. Injini ya dizeli inaweza kuigeuza nyeusi muda mfupi tu baada ya kuiweka mpya. Angalia kimo na harufu.

Na kama stiki yako kweli ni chai ya maziwa, usiwashe gari "kuipeleka tu hapo karibu". Gari ivutwe.

Mama wa Njiro nilimfungia themostati mpya, nikasafisha vavu ya PCV, nikamwaga oili kwa sababu ilinuka petroli, nikachora alama kwenye chupa. Jumamosi akaenda Moshi kwa dada yake na kurudi, kilomita kama 80 kila upande. Baada ya wiki mbili alikuja tena. Kifuniko kikavu, maji yako kwenye alama.