Nyeupe mbili na rangi iliyojificha ndani yake

Mpe mtu kadi ya rangi ya ukuta iitwayo Alabaster, ya kampuni ya Sherwin-Williams, kisha baada ya dakika tano mpe White Dove ya kampuni ya Benjamin Moore. Atakwambia ni nyeupe ile ile. Sasa ziweke bega kwa bega juu ya karatasi nyeupe: Alabaster inavuta kwenye krimu, White Dove ina ukijivu kidogo unaoipoza. Hicho kinachojitokeza ndicho rangi fiche.

Weupe wa rangi ya ukuta hutokana hasa na unga wa titani dioksidi. Ili usichome macho, huongezwa matone machache ya njano, nyeusi au nyekundu ya udongo. Ndani ya kopo matone hayo huyaoni. Ukutani yanaonekana, maana kuta nne zinarushiana mwanga na kila moja inampaka mwenzake.

Kuna wanaokimbilia kipimo cha mwanga unaorudishwa na ukuta, 0 kwa nyeusi tititi hadi 100 kwa nyeupe pepepe. Alabaster ina 82, White Dove imeizidi kidogo tu. Namba hizo zinakueleza chumba kitang'aa kiasi gani. Habari ya rangi fiche hazina.

Mwanga ndio wenye neno. Washauri wa Marekani husema chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi, yaani unaovuta kwenye buluu. Ukiwa Dar es Salaam, achana nao: adhuhuri ya Juni jua liko kaskazini, ya Desemba liko kusini. Kwetu tazama taa kwanza. Zile nyeupe za Kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba kubwa ni ubuluu, ndogo ni unjano) huifanya White Dove ifanane na saruji iliyofifia. Za 2700 huigeuza Alabaster kuwa siagi. Na kama mwembe umesimama nje ya dirisha, tarajia ukijani mchana kutwa.

Halafu kuna jirani. Dari ya nyeupe pepepe huifanya krimu iliyo chini yake ionekane imechakaa, hata kama imekauka jana. (Kwangu niliishia kupaka dari upya, kuta nikaziacha.)

Kujaribu, usipake kiraka juu ya rangi ya zamani, kwani hiyo nayo itaingilia macho yako. Paka kipande cha ubao mara mbili, kikauke, ukihamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi na tena baada ya kuwasha taa.