Ganzi inayotii mwanga: maswali kutoka Malindi

Ni kweli kuna dawa ya maumivu inayowashwa na kuzimwa kwa taa?

Kweli, ila bado ni ya maabara. Mwaka 2012 watafiti wa Berkeley, Marekani, na Munich, Ujerumani, walitangaza kemikali iitwayo QAQ, jamaa wa lignokeini, ile ganzi tunayodungwa kabla ya kung'olewa jino. Wameijaribu kwa panya. Dukani haipo.

Inafanyaje kazi?

Neva hupeleka habari za maumivu kwa kupitisha chembe za sodiamu katika vijitundu vyembamba. Ganzi huviziba. QAQ imebeba azobenzini, kipande kinachohisi mwanga, ambacho hunyooka kwa mwanga wa kijani na kujikunja kwa miali ya urujuanimno. Ikinyooka inaziba, ikijikunja inaachia na maumivu yanarudi.

Linalonivutia zaidi ni namna inavyochagua neva. Lignokeini haibagui, ndiyo maana mdomo huwa mzito na mate yanakutoka bila habari. QAQ haiwezi kupenya ukuta wa seli; hungoja mlango uitwao TRPV1, unaopatikana hasa kwenye neva za maumivu. Ni mlango huohuo unaofunguliwa na pilipili unapokula viazi karai kwa ukwaju mkali. Kwa kuugundua mlango huo, mwanasayansi Mmarekani David Julius aligawana Tuzo ya Nobel ya tiba na mwanasayansi mwenzake Ardem Patapoutian mwaka 2021.

Basi nikianika goti juani ufukweni si yatosha?

Hapana. Bila kemikali yenyewe hakuna cha kuwashwa. Isitoshe, jua lina kijani na urujuanimno pamoja, yaani amri mbili zinazopingana. Tena mwanga wa kijani hauendi mbali chini ya ngozi, milimita chache tu. Kwenye jicho ni rahisi mwanga kufika. Mgongo wa mvuvi ungehitaji uzi wa kioo wa kuuingiza mwanga ndani.

Na taa za maumivu zinazouzwa mitaani?

Si hii.

Kwa sasa nitumie nini?

Mtu mzima mwenye afya aweza kumeza parasetamoli, tembe 2 za miligramu 500, zisizidi 8 kwa saa 24. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, watu huila kama njugu, nami sipendi: mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiiguse bila kumwona daktari. Maumivu ya mgongo yakiambatana na mguu kufa ganzi au mkojo kutozuilika, nenda hospitali siku hiyohiyo.